Sawa ya Kwetu

Mgeni aliingia saa ya chai, saa nne kamili asubuhi, wakati ambao hata tanuri huonekana limekaa chini kupumzika. Hakupiga hodi kwa sababu lango lilikuwa wazi, na lilikuwa wazi kwa sababu bawaba yake ya chini ilikufa mwaka juzi na kila mtu alikuwa akimsubiri mwenzake aitengeneze. Alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, mwenye begi dogo la ngozi na viatu ambavyo havijawahi kukutana na mchanga mweusi wa kiwanda cha sufuria. Akasimama kati ya rundo la skrepa na rundo la vifuniko, akauliza kwa Kiswahili cha kukariri kitabuni: "Mwenyewe ni nani?"

Mafundi wanane wakatazamana juu ya vikombe vyao. Mmoja akasema mwenyewe katoka. Mwingine akasema wenyewe ndio hawa hawa anaowaona. Wa tatu, mpiga chapa wa sufuria, ambaye mzaha ulikuwa ugonjwa wake, akasema mwenyewe ni tanuri, wengine wote wapangaji. Mgeni akafungua daftari, akaandika.

Fundi mkuu akainuka, akajipangusa kiganja kwenye suruali, akampa mkono. "Kalibu," akasema. Ndilo jina walilomwita kwa miaka ishirini na sita, kwa sababu ya zile kalibu za mchanga ambamo alumini iliyoyeyuka humiminwa ikapata umbo la sufuria. Mgeni akatabasamu, akasema asante, akaketi. Walicheka hadi chai ikamwagika. Kalibu mwenyewe alicheka kuliko wote, kisha akaagiza mgeni aletewe kikombe.

Kicheko hicho ndicho kilichomtoa Msomi ofisini. Msomi ndilo jina walilompa hapo, nusu kwa fahari na nusu kwa kumtania. Mwenye kiwanda alikuwa shangazi yake, na yeye alikuwa na miezi minane tangu atoke chuo kikuu na shahada ya biashara pamoja na lugha ya kigeni, ile ile aliyoizungumza mgeni. Ndani ya miezi hiyo minane alikuwa ameandika barua thelathini na moja za kuomba kazi. Wakati akisubiri majibu alimsaidia shangazi yake kuandika za kiwanda.

Kwa hiyo alimjua mgeni kabla hajajitambulisha. Kwa miezi mitano Shangazi, ambaye mafundi walimwita Mama, alikuwa akiandikiana na kampuni moja ya ng'ambo iliyotaka kununua nusu ya kiwanda. Wao wangeleta tanuri la umeme, hili la mkaa lililokuwa likiwakausha watu vifua lingezimwa, na nusu nyingine ingebaki nyumbani. Nusu kwa nusu, ndivyo Shangazi alivyopenda kusema, akikata hewa kwa kiganja kama anayegawa mkate. Ila hakuna barua iliyosema kwamba mtu atakuja bila taarifa.

"Tukitoa taarifa," mgeni alimweleza Msomi kwa upole, "tunaonyeshwa sebule. Mimi nimetumwa kuona jikoni."

Alikaa siku tatu. Alipima urefu wa paa, upana wa milango, joto la tanuri, uzito wa sufuria kabla ya kusuguliwa na baada ya kusuguliwa. Siku ya pili tayari alikuwa amepewa jina, Bwana Kipimo, na siku ya tatu aliliitikia. Hakuwa mtu mbaya. Aliomba afundishwe kushika koleo, akaungua kidole, hakulalamika. Ila alikuwa na swali moja ambalo hakuchoka kuliuliza, na kila mara alilielekeza kwa Kalibu: nani anaamua? Nani anaamua kwamba alumini imeiva?

Kalibu alimwonyesha. Unakoroga kwa fimbo ya chuma, unatazama rangi, unaitoa fimbo, unasikiliza inavyolia. Kisha mnakubaliana.

Na nani anaamua skrepa ipi ichanganywe na ipi? Tunakubaliana. Na nani anaamua bei ikipanda? Hilo nalo, Jumamosi, tukishafagia, tunakaa na Mama, tunakubaliana.

"Na msipokubaliana?"

"Tunakunywa chai nyingine," alisema Kalibu.

Msomi alitafsiri kila neno, na alitafsiri kwa majivuno. Alidhani anamwonyesha mgeni hazina ya nyumba. Hakujua kwamba kila "tunakubaliana" iliyotoka kinywani mwake iliandikwa upande wa hasara.

Tena hayo hayakuwa maneno ya kumpendeza mgeni tu. Miaka kumi na miwili nyuma tanuri la kwanza lilipasuka, paa likaanguka na Shangazi akabaki na kuta mbili na kifusi. Mafundi hawa wanane hawakuondoka. Walileta vyombo vyao, wakaokoa matofali moja moja, wakajenga upya, na wa kwao nyumbani wakala walichojaaliwa. Siku tanuri jipya lilipowashwa Shangazi alisimama mbele yao akasema kuanzia leo hapa pana mafungu matano, manne yangu, moja lenu. Hakuna aliyeandika. Nani angeandika? Neno lilisemwa mbele ya watu na moto ukiwaka, na tangu siku hiyo halikuvunjwa hata mara moja.

Wiki mbili baada ya Bwana Kipimo kuondoka walikuja wakubwa: mkurugenzi mwenye sauti ya chini na mwanasheria wa kampuni, mama mmoja nadhifu aliyebeba kalamu mbili kana kwamba moja ingeweza kumsaliti. Bwana Kipimo alikaa pembeni yao. Upande wa pili wa meza alikaa Shangazi katika gauni lake la mikutano, na kando yake Msomi, mkalimani.

Mkurugenzi hakuzunguka. Alisema wamefikiria upya. Nusu hawaitaki tena. Wanataka kiwanda chote, au waache.

Msomi akatafsiri. Shangazi hakupepesa macho.  Kisha akasema, polepole, "Sawa. Tumesikia."

Hapa ndipo lilipotokea kosa, na lilikuwa la Msomi peke yake. Kila mtu aliyelelewa katika lugha hii anaijua hiyo sawa. Si ndiyo. Ni sawa ya kufunga mlango taratibu ili mgeni asijione kafukuzwa: nimekusikia, niache nikalale na neno lako, nikaliulize kwa watu wangu. Lakini Msomi alikuwa na woga, macho sita ya wageni yakimngoja. Akaikimbilia sawa, akaiacha tumesikia njiani. Na neno alilolichukua, lile fupi la lugha yao, kwao lilikuwa muhuri. Aliona mkurugenzi akishusha mabega. Mwanasheria akaandika mstari mmoja, akapiga nukta. Mkono ukanyooshwa, na Shangazi akaupokea, kwa sababu hakufunzwa kuuacha mkono wa mgeni uning'inie.

Barua ilifika siku ya nne. Ilianza kwa kushukuru kwamba muuzaji amekubali kuuza umiliki wote. Msomi aliisoma mara tatu amesimama, mara ya nne amekaa chini sakafuni. Kisha akaenda kumwambia shangazi yake, bila kujitetea, kwamba ulimi wake ndio uliouza kiwanda.

Alitarajia kufokewa. Angefurahi kufokewa. Shangazi alivua miwani tu, akafikicha macho.

"Nilimpa mkono, mwanangu. Wewe ulimpa neno, mimi nikampa mkono. Sasa nirudi nyuma nionekane kigeugeu mbele ya wageni?"

Msomi akasema irudishwe barua, waelezwe. Shangazi akasema amechoka. Alikuwa na miaka sitini na mbili, kifua kimeanza kupiga filimbi, na tanuri la mkaa halingemaliza mwaka. Wageni wanalo la umeme. Huenda ni kudra. Na fungu la mafundi? Msomi aliuliza. Shangazi akavaa miwani akasema hilo niachie, nitawaambia mwenyewe, siku yake ikifika.

Siku yake haikufika. Ilipita wiki, ikapita ya pili. Jumamosi walifagia, wakakaa, wakazungumzia bei ya mkaa na bawaba ya lango. Shangazi hakusema neno, na Msomi alitazama kucha zake.

Ikaja bahasha nene. Ndani mlikuwa na mkataba wa kurasa ishirini, ambao Msomi aliombwa kuutafsiri ili Shangazi aelewe anachokitia sahihi, na mlikuwa na barua nyingine yenye jina lake yeye. Kampuni ilimpa kazi, msaidizi wa meneja mpya, na mshahara ambao aliusoma akadhani tarakimu moja imeandikwa mara mbili kwa makosa. Sharti lilikuwa moja: atie sahihi karatasi ya kutunza siri ya mkataba kwa kila mtu asiyehusika. Akatia. Mama yake akatoa habari mtaa mzima jioni hiyo hiyo, kesho yake akamnunulia viatu vya ofisini.

Kalibu alimkamata karibu na ndoo za mchanga. Fununu hazina mlango, na kiwandani zilikuwa zimeshaenea kwamba wageni wamepewa sawa. Mpiga chapa alikuwa ameshaigeuza mzaha, kila mtu akiombwa nyundo anajibu sawa na haleti. Lakini Kalibu hakuwa akicheka.

"Msomi, siku ya karatasi, utatusomea? Yote, kwa Kiswahili, kabla Mama hajaweka mkono wake."

"Sawa, baba."

"Hiyo sawa ni ya kwetu au ya kwao?"

Msomi alihisi uso ukimchoma. "Nitawasomea kila ukurasa, baba. Nakuahidi."

Kalibu akaitikia kwa kichwa, akarudi kwenye kazi yake. Kwake jambo lilikuwa limekwisha. Ahadi imetoka, ahadi itafika. Msomi alibaki na ndoo, akifikiria karatasi aliyoitia sahihi.

Aliutafsiri mkataba siku tano. Katika ukurasa wa kumi na moja alikuta kifungu kilichosema muuzaji anathibitisha kwamba hakuna mtu mwingine yeyote mwenye haki, fungu wala sauti katika kiwanda hiki, wala hajawahi kuwepo. Wala hajawahi kuwepo. Akaweka kalamu chini. Miaka kumi na miwili, matofali yaliyookolewa moja moja, watu wanane, wamefutwa kwa maneno matatu.

Na nyuma kabisa, labda kwa bahati mbaya, palikuwa na karatasi ambayo haikukusudiwa kumfikia. Ilikuwa jedwali. Juu yake palikuwa na jina la nchi. Si la kiwanda wala la Shangazi, la nchi nzima, na chini yake alama, kama mtoto wa shule aliyeletewa ripoti. Namna ya kuheshimu maandishi: chini. Namna ya kuamua: haieleweki. Umbali kati ya utamaduni wao na wetu: themanini na moja. Na mwisho, ndani ya kisanduku: umbali ukizidi sabini, usichukue sehemu, chukua chote au ondoka.

Alilijua jedwali la aina hiyo. Hilo ndilo lililomuuma. Chuoni aliandika insha nzima akieleza kwamba kampuni za nchi zinazoogopa mambo yasiyo na uhakika hazipendi kugawana umiliki na watu wasiowaelewa, na akaisifu hesabu ya umbali kuwa ni ya kisayansi. Alipata alama ya juu kuliko darasa lote. Mwalimu aliisoma mbele ya wenzake. Hakufikiria hata mara moja kwamba ndani ya tarakimu zile mlikuwa na watu wanaokunywa chai saa nne.

Kisha akaona tarehe. Jedwali lilikuwa limeandikwa miezi miwili kabla ya ujio wa Bwana Kipimo.

Alimfuata hotelini kwake, alikobaki akisubiri siku ya sahihi, katika chumba kidogo cha ghorofa ya pili kilichojaa harufu ya sabuni ya kufulia, akaliweka jedwali mezani juu ya vipimo vyake vyote.

"Ulikuja kupima nini," alimuuliza, "kama jibu lilikuwa limeshaandikwa?"

Bwana Kipimo alilitazama jedwali. Hakukana. Alisema yeye hakulitunga, ofisi kuu ndiyo hulijaza kwa kila nchi. Alisema aliandika ripoti kwamba sufuria ni nzuri na watu ni wazuri zaidi. Lakini waliposoma kwamba hakuna mtu mmoja mwenye neno la mwisho, kwamba wanane wanakubaliana na wasipokubaliana wanakunywa chai, jedwali likaonekana limesema kweli. Kwetu, alisema, jengo likianguka, kwanza tunatafuta sahihi ya nani iko kwenye ramani. Asipopatikana mtu wa kuulizwa, tunaogopa. Hatuwachukii, binti. Tunaogopa.

"Kwa hiyo mkiogopa, mnachukua vyote."

"Ukiwa na vyote, hakuna wa kutokukubaliana naye."

Msomi aliondoka bila kuaga. Jibu lilimjia akiwa ameshashuka ngazi, kama majibu mazuri yanavyopenda kuchelewa: kwamba kwetu jengo likianguka, kwanza tunauliza nani yuko chini ya kifusi. Alisimama barabarani, watu wakimpita na vikapu vyao. Aliwakasirikia wale waliokaa mbali wakaipa alama nchi ambayo hawajainusa. Akajikasirikia yeye, na insha yake, na ulimi wake mwepesi. Hata shangazi yake alimkasirikia, na hilo lilimuuma zaidi, kwa sababu alikuwa akimpenda.

Siku ya sahihi mkurugenzi hakuja. Alikuja mwanasheria na Bwana Kipimo, saa tatu na nusu asubuhi. Ofisi ilikuwa imefagiwa, meza imetandikwa kitambaa. Shangazi alikaa katika gauni la mikutano, kalamu mkononi, akiwa kama mtu anayesubiri kung'olewa jino.

Msomi alichukua mkataba mezani akaukumbatia. Akasema kabla ya sahihi kuna watu wanaopaswa kusomewa, wako nje, hatachelewa.

Mwanasheria alidhani amesikia vibaya. Alipoelewa, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba mkataba ni siri kwa kila mtu asiyehusika, na kwamba binti mwenyewe alitia sahihi.

"Wanahusika," Msomi alisema.

"Majina yao hayamo popote."

"Ndiyo maana nataka kuusoma."

Mwanasheria akafungua mkoba, akatoa barua ya kazi, akailaza juu ya kitambaa. Akisoma mbele ya watu wale, alisema, barua hiyo inarudi naye. Hakutisha, alieleza tu, kama mtu anayetaja saa ya gari kuondoka. Shangazi akamshika Msomi kiwiko.

"Mwanangu, usinitie aibu mbele ya wageni."

Msomi aliitazama barua. Alimwona mama yake, na vile viatu vyeusi ndani ya boksi, na zile barua thelathini na moja.  Akakitoa kiwiko chake taratibu mkononi mwa shangazi yake, kwa heshima, kama unavyomtoa mtoto aliyelala begani, akatoka.

Mafundi walikuwa wanaanza chai. Akawaambia wakae, ni ndefu. Akapanda juu ya sanduku la skrepa kwa sababu sauti yake ilikuwa ndogo, akafungua ukurasa wa kwanza. Alisoma katika lugha ya wageni kimyakimya kwa jicho, na kwa mdomo akatoa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, bila kuacha neno njiani. Alipokwama alisema nimekwama, akatafuta neno. Ukurasa wa tatu mpiga chapa alijaribu mzaha, Kalibu akamtazama, mzaha ukarudi ulikotoka. Ukurasa wa tano mwanasheria alitoka nje, akasikiliza kidogo lugha asiyoielewa, kisha akaenda kuketi ndani ya gari, mkoba magotini. Barua ilikuwa ndani ya mkoba. Bwana Kipimo hakumfuata. Alibaki amesimama karibu na ukuta.

Ukurasa wa tisa Msomi alimwona shangazi yake mlangoni.

Ukurasa wa kumi na moja alipunguza mwendo. "Muuzaji anathibitisha," alisoma, "kwamba hakuna mtu mwingine yeyote mwenye haki, fungu wala sauti katika kiwanda hiki." Akaweka kidole kwenye mstari. "Wala hajawahi kuwepo."

Hakuna aliyefoka. Mmoja wao aliweka kikombe chini kwa uangalifu, kana kwamba kingevunjika kwa kuguswa. Kalibu aligeuza kichwa akamtazama Shangazi. Jicho lake halikuwa la kushtaki. Lilikuwa la mtu anayeuliza njia.

"Mama," alisema, "hilo ni kweli?"

Shangazi alikuwa bado ameshika kalamu. Alimtazama kila mmoja wa wale wanane, akianzia kwa Kalibu, na ilimchukua muda. Kifua chake kilisikika hadi kwenye sanduku la skrepa.

"Si kweli," alisema. "Na kitu kisicho kweli sikitii sahihi."

Akamgeukia Bwana Kipimo, akamwambia Msomi atafsiri, na safari hii neno kwa neno. Nusu kwa nusu bado ipo. Na katika nusu ya nyumbani mafundi wataandikwa kwa majina, wote wanane, ili wanaoogopa wajue pa kuuliza. Zaidi ya hapo hapana. Aliisema kwa namna isiyohitaji mkalimani, lakini Msomi aliitafsiri, na akaipa uzito wake wote.

Bwana Kipimo alisema atalifikisha, ila hawezi kuahidi litapokelewa. Akawapa mkono mafundi mmoja mmoja, akaenda garini. Mlango ulifungwa, gari likaondoka. Tanuri la umeme liliondoka nalo, kwa leo angalau, na barua ya kazi kwa hakika.

Mafundi wakaanza kuinuka, wakidhani yamekwisha. Shangazi naye akageuka kurudi ndani. Msomi alikuwa amekauka koo, miguu inamuuma, na hakujua atamwambia nini mama yake jioni.

"Bado," alisema. "Zimebaki kurasa tisa. Nilisema kila ukurasa."

Wakatazamana. Kalibu akaketi tena, kisha wengine. Shangazi akaja akaketi nao, kwenye ndoo iliyopinduliwa, gauni la mikutano likigusa mchanga mweusi. Msomi akalowesha kidole, akafungua ukurasa wa kumi na mbili, akasoma.